Nyumba ya Mis Alvera Inahama

Yesenia Ingram alishuka gatini Bluefields siku ya Alhamisi, amelowa chapachapa, mkoba kaukumbatia kifuani. Ndani ya mkoba mlikuwa na nguo chache, pesa alizotoa benki, na tiketi mbili za boti ya Jumatatu alfajiri, moja yake na moja ya bibi yake. Bibi hakuwa ameulizwa. Yesenia alikulia Managua, mji mkuu, alikuwa keshia wa duka la dawa, na alizoea kufanya jambo kwanza halafu kutoa taarifa. Zaidi ya hayo, alijua fika kwamba Mis Alvera akiulizwa atakataa.

Shida yenyewe ilikuwa ya ardhi. Nyumba ya Mis Alvera, vyumba viwili vya mbao juu ya nguzo, ilikuwa yake tangu mumewe Osmond alipoijenga, lakini kiwanja hakikuwa chake hata siku moja. Osmond alipewa ruhusa ya mdomo na mwenye kiwanja, wakashikana mikono, na wote wawili walishakufa. Warithi wakauza. Aliyenunua, mfanyabiashara wa saruji aitwaye Don Eulogio, hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe, akavua kofia mlangoni, akasema nyumba ni ya mama na ardhi ndiyo aliyoinunua yeye, mama achukue kilicho chake. Mafundi wangeanza kuchimba msingi Jumatatu.

Kwetu sisi jambo hilo huudhi lakini haliui. Nyumba ya mbao inabebeka. Wanaume huipitishia boriti chini ya tumbo, wakaitoa juu ya nguzo zake, wakaitia mabegani na kuondoka nayo kama watu waliobeba jeneza, ila kwa makelele zaidi. Binamu ya Mis Alvera alikuwa amempa kipande cha ardhi nyuma ya kanisa la Moravian, mwendo mfupi tu kupanda mlima. Nguzo mpya zilishasimikwa. Kilichobaki kilikuwa Jumamosi, siku ya kubeba.

Yesenia hayo yote hakuyajua, au aliyajua zamani akayasahau. Aliondoka Beholden, mtaa wetu huu, angali mtoto wa kushikwa mkono, na baba yake, kifungua mimba wa Mis Alvera, alishazikwa Managua. Upande wa baba hakubakiwa na mtu ila bibi huyu na Renwick, baba yake mdogo. Hofu aliyokuja nayo ilikuwa moja tu, kwamba atamkuta bibi yake kakaa barabarani juu ya sanduku.

Alimkuta jikoni akikaanga samaki na kumsema vibaya paka wa jirani.

*

Walipokula siku ile, Yesenia alitoa habari ya Managua. Alieleza juu ya chumba chenye dirisha, hospitali iliyo karibu, bafu lenye maji ya moto. Mis Alvera alimsikiliza huku akichambua miba.

"Kumbe wewe umekuja kunihamisha," alisema. "Sawasawa. Mimi nahama kweli. Nahamia nyuma ya kanisa."

"Bibi, nani ataibeba nyumba nzima?"

"Watu."

"Watu gani? Umewalipa kiasi gani?"

Renwick alicheka mpaka akapaliwa. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika majiko ya meli za watalii, mgongo ukaharibikia huko, na sasa hakuweza kuinua hata ndoo. Kucheka ndiko kulikombakia. "Watakula," alimjibu binti wa kaka yake kwa Kihispania, polepole, kama mtu anayemsemesha mgeni wa serikali.

Yesenia aliudhika. Kila mtu tangu gatini alikuwa akimsemesha Kihispania, hata pale alipojitahidi kwa Kikrioli, lugha ya mtaani, chake kikiwa cha kutia viraka. Alisema kwa ukali kidogo kwamba kazi ya bure hufanywa mwisho au haifanywi kabisa, na yeye hataki bibi yake ageuzwe ombaomba wa mtaa.

Mis Alvera aliweka mfupa kando ya sahani. "Tupatane hivi. Jumamosi jua likizama nyumba yangu haijafika nyuma ya kanisa, nitapanda boti nawe. Sitalia, wala sitakusumbua njiani."

"Unaahidi?"

"Mimi ni Mmoravian," alisema bibi, na kwake yeye hilo lilitosha.

Yesenia alilala akiwa na furaha iliyochanganyika na aibu. Kushinda ilikuwa rahisi. Ilitosha akae kitako, asubiri watu wasije. Lakini kila alipojigeuza alimwona akilini bibi yake akisubiri watu wasiokuja, na roho ikamuuma. Akaona kwamba kama nyumba itahama basi ihame kwa heshima, na kama ni kwenda Managua, bibi aende kwa hiari yake. Ndiyo maana Ijumaa asubuhi aliichukua ile pesa akatoka nayo. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na ndiyo iliyoharibu kila kitu.

*

Alizunguka mtaa mzima kwa adabu kubwa. Kila alipoonyeshwa mwanaume mwenye mabega alimwamkia, akajitambulisha kuwa mjukuu wa Mis Alvera, akatia noti mbili mkononi na kusema ni kwa kazi ya kesho, nusu sasa na nusu nyumba ikifika. Baadhi walizitazama zile noti kana kwamba ni barua iliyokosea anwani, wakazirudisha. Wengine waliduwaa mpaka akawa keshaondoka. Vijana wawili, Kendal na mwenzake, walizipokea haraka na kuzinywa siku hiyohiyo.

Wa mwisho alikuwa Mista Burdel Hooker. Huyu ndiye mwimbishaji wetu. Nyumba haitembei bila sauti yake, maana yeye huimba mstari, watu wakaitikia, na kwa kila kiitikio hupigwa hatua moja, miguu yote pamoja. Asipoimba yeye, huyu huvutia huku na yule kule, na nyumba huanguka. Alikuwa mezani na mkewe, Mis Zelmira, wakinywa kahawa na mkate wa nazi. Wakamkaribisha, wakammiminia kikombe.

Yesenia alikunywa, akasifu mkate, kisha akaweka mezani noti zilizokuwa nyingi kuliko za wengine. Alisema anajua kazi ya Mista Burdel ni ya pekee.

Mista Burdel hakuzigusa. Alisukuma kikombe chake, akageukia dirisha. Mkewe ndiye aliyesema, tena kwa Kihispania safi, "Mume wangu aliiimbia nyumba ya babu yako ilipohamishwa baada ya kimbunga. Babu yako alipoimaliza hii nyumba yetu, unajua alidai nini?"

"Sijui, Mis Zelmira."

"Basi usijue." Akazikunja zile noti, akamrudishia kiganjani na kumfunga vidole mwenyewe, kwa upole, kama mtoto aliyetumwa dukani na pesa bandia. "Kahawa yako inapoa."

Yesenia alirudi nyumbani akidhani kwamba Mista Burdel anataka zaidi.

*

Jumamosi kulikucha kukiwa kukavu, bahati adimu katika mwezi wa Mei. Boriti zililala uani. Mis Alvera alivaa kofia yake ya kanisani, akaketi kwenye kiti chake katikati ya chumba cha mbele. Alikwisha kutangaza kwamba yeye hatoki, nyumba itabebwa naye akiwa ndani. Alisema akitoka wataibeba kama kabati.

Walingoja. Watu walipita barabarani, wakaamkia, "Habari za asubuhi, Mis Alvera," wakaenda zao. Waliamkia vizuri, na hapo ndipo palipotisha. Mista Burdel alipita na fimbo ya kuvulia, akagusa ukingo wa kofia, akateremka kwenda ziwani. Renwick aliingia na kutoka, akauliza hapa na pale, na aliporudi uso ulikuwa umemshuka.

"Umewalipa," alimwambia Yesenia. Safari hii hakucheka.

"Niliwapa kianzio. Nilitaka tu waje."

"Walikuwa wanakuja! Sasa kila mtu anaona Mis Alvera ameagiza vibarua. Na kibarua hajitokezi bila kuitwa, anangoja tajiri amchague. Tajiri mwenyewe ni wewe, basi nenda kachague." Alikaa ngazini, akajishika kiuno. "Na mimi mwenye nyumba siwezi kuinua hata kona moja. Unafikiri ninajisikiaje?"

Yesenia aligeukia mlango. Ndani alisikia vitu vikiburutwa. Aliingia akamkuta bibi yake keshavua kofia. Mis Alvera alikuwa amefungua sanduku kitandani na anapanga nguo, moja juu ya nyingine, kwa utulivu. Alikuwa ameishusha ukutani picha ya kifungua mimba wake, anaifunga ndani ya taulo.

"Bibi, jua bado halijazama."

"Najua. Lakini mimi si mwepesi siku hizi, nisije nikakuchelewesha boti." Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sukari, kama huko Managua dirisha la chumba linatazama nini.

Linatazama ukuta. Yesenia alilitamka neno hilo moyoni tu. Alikuwa ameshinda. Bibi alikuwa anakuja, ahadi ni ahadi, na sasa ushindi wenyewe ulikuwa umelala pale ndani ya taulo na yeye hakuutaka. Alipiga magoti pembeni ya kitanda akalia, bila kujizuia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yake.

"Niambie nifanyeje," alisema. "Nitaenda kuwaomba msamaha mmoja mmoja."

"Msamaha utawachosha. Watasema hakuna neno, na hawatakuja." Mis Alvera alikaa kitandani. Alimtazama mjukuu wake, akatazama mlango, akawa kama mtu anayepima kitambaa kilichopungua. "Jikoni kuna beseni kubwa. Lina kitu ndani?"

"Halina kitu, Bibi."

"Basi lichukue hivyo hivyo. Nenda kaombe rondoni."

Rondoni kila mtu anaijua: mchuzi wa tui la nazi, samaki, madonge ya unga, na chochote ambacho mkono umefikia. Lakini kumbebea jirani beseni tupu mchana kweupe, ukamwombe akutilie, si jambo dogo. Ni kusema kwamba nyumbani hamna kitu na umekuja kwake. Mtu akikutilia, ameshakuwa mmoja wa wenye chungu, na mwenye chungu hawezi kukaa kwake chungu kikitokota. Wazee hulifanya hilo kwa nadra sana, na wengi wangeona afadhali walale njaa. Yesenia, aliyekuja ili bibi yake asionekane ombaomba, alilitia beseni kiunoni akatoka.

*

Nyumba ya kwanza walimpa nazi moja bila kumwangalia. Ya pili, mwanamke aliyekuwa akifua alimwacha amesimama mpaka akasuuza shuka lote, kisha akauliza kwani Managua hawauzi vyakula. Yesenia alisema wanauza. Mwanamke akakausha mikono, akaleta kipande cha boga. Kwenye duka la kona wanaume waliokuwa wakicheza dhumna walisimamisha mchezo, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Tajiri anaomba." Wenziwe wakacheka. Yesenia alilipandisha beseni kiunoni. Alisimama palepale, akawaambia kwa kile Kikrioli chake kibovu:

"Ndiyo. Naomba. Chungu cha Mis Alvera ni kikavu."

Aliyecheka zaidi ndiye aliyeinuka kwanza. Aliingia ndani kwake akatoka na ndizi mbichi, kichane kizima, akakiweka juu ya boga na kurudi kwenye dhumna yake. Kendal na mwenzake, wale wanywaji, hawakungoja kufikiwa. Walimfuata njiani na muhogo kwenye gunia, macho chini, wakasema beseni limeshakuwa zito, watalibeba wao.

Kwa Mis Zelmira alisita langoni. Angeweza kupapita, vitu vilikuwa vinatosha. Mama huyo alikuwa varandani, mikono amekunja, na bila shaka alikuwa amemwona tangu chini ya mtaa.

"Umejaza," alisema Mis Zelmira.

"Halijajaa."

"Naona limejaa mpaka vijana wanasaidia."

"Halina kitu kutoka hapa," alisema Yesenia. "Jana nilikosea kwako kuliko kote. Sikuja kueleza. Nimekuja kuomba."

Mis Zelmira alikunjua mikono. Kisha akasema, na sasa alisema kwa Kikrioli, haraka haraka kama wanavyosemeshana watu wa Beholden, bila kumpunguzia hata neno, "Babu yako alipomaliza paa hili alidai sahani ya kaa. Alikula, akalamba vidole, akadai nyingine. Tulimpa kaa kila mwaka mpaka alipokufa, na tungempa mpaka leo. Halafu wewe unakuja na noti, kana kwamba tulimjua wiki moja tu. Hivi bei ya bega la mtu wewe uliipata wapi?"

"Sikujua."

"Hukujua. Ngoja hapo." Aliingia, akakaa sana, akatoka na kaa wamefungwa kamba, wangali wakitikisa miguu. Aliwaweka juu kabisa. "Na usitie unga mwingi kwenye donge, kama afanyavyo bibi yako. Mwambie nimesema."

*

Walipika uani. Renwick alikaa kwenye kigoda akakuna nazi zote peke yake, mgongo umenyooka ukutani, na hakumruhusu mtu kumgusia kazi hiyo. Harufu ya tui ilipoanza kupanda, watu walianza kuonekana. Hawakusema wamekuja kubeba. Huyu alikuja kuulizia chumvi, yule alikuja kuona kama ndizi zake zimeiva, mwingine alidai amepotea njia, mtu aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka pale. Wakati samaki wanatiwa, ua ulikuwa umejaa mabega.

Mista Burdel alifika mwisho, kutoka ziwani, samaki mmoja mdogo mkononi. Alimtumbukiza chunguni, akafunika, akafuta mikono.

"Tutakula kule," alisema. "Kule nyuma ya kanisa. Chungu kitangulie."

Basi chungu kikatangulia, kimebebwa na akina mama, na nyuma yake nyumba. Boriti ziliingia, mabega yakaingia. Mista Burdel alisimama mbele barabarani akaanza wimbo wa kanisani, ule wa polepole, na kwa kiitikio cha kwanza nyumba ya Mis Alvera ikalia kila kiungo chake, ikajitoa juu ya nguzo. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, kofia kichwani. Mlango ulikuwa wazi, nao waliokuwa upande ule walimsikia akiitikia pamoja nao, na katikati ya mistari akiwaonya juu ya kabati la vyombo.

Walipofika chini ya mlima mvua ilianza. Udongo ukateleza. Mwanaume mmoja wa kona ya nyuma alipiga goti, nyumba ikainama, vikombe vikavunjika ndani, na Mista Burdel akaushika mstari uleule akaurudia, akaurudia tena, bila kusogea, ili watu wapate kusimama wima. Yesenia alikuwa pembeni ameshika mwavuli usiomsaidia mtu. Hakuamua. Alijikuta tu ameutupa na yuko chini ya boriti, kwenye ile kona, bega lake limeshachukua uzito. Hakuwahi kufikiri kwamba uzito unaweza kumwingia mtu mfupani hivyo. Mbele yake alikuwa Kendal, na shingo ya Kendal ilikuwa ikitoka jasho la pombe ya jana.

"Inua na kiitikio," Kendal alimwambia bila kugeuka. "Usiinue kabla."

Aliinua na kiitikio. Maneno hakuyajua, lakini yalijirudia mno, na kabla ya kufika kanisani alikuwa ameshayajua.

Jua lilikuwa halijazama, ingawa kwa mawingu yale nani angelijua. Waliitua nyumba juu ya nguzo mpya, ikakaa, watu wakapumua, wakaanza kupiga makofi. Ndipo dirisha likafunguliwa na kichwa cha Mis Alvera kikatokeza.

"Mbona naona choo cha mchungaji?"

Watu wakatazamana. Kwa sababu ya utelezi walikuwa wamepandia upande wa nyuma, na nyumba sasa ilikuwa imekaa kinyume, jiko barabarani na varanda vichakani. Mista Burdel alivua kofia akajikuna. Kwa heshima zote alijaribu kusema kwamba upande huo una upepo mzuri.

"Burdel," alisema Mis Alvera, "nimekaa miaka yote nikiwaona watu wakipita. Mimi siwezi kuzeeka nikimtazama mchungaji akienda haja."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini matopeni. Halafu wakainuka, wakarudi chini ya boriti wakiguna, wakaigeuza nyumba nzima na bibi ndani yake, polepole, mpaka varanda ikatazama barabara.

Walikula wamesimama, mvua ikidondoka katika sahani. Mis Zelmira alikuta donge lina unga mwingi na akasema hivyo. Yesenia hakuweza kuinua kijiko kwa mkono wa kulia, bega limemvimba, akawa anakula kwa wa kushoto kama mtoto. Zile tiketi zilikuwa mkobani, zimelowa, na mojawapo haikuwa na kazi tena. Alimtazama bibi yake aliyekuwa varandani akiwaamkia watu waleule kana kwamba ndiyo kwanza awaone, akaona kwamba yeye mwenyewe hajafurahi hivi siku nyingi.

Mista Burdel alikuja na sahani yake akasimama kando yake. Alikula kaa wote kwanza, kwa makini, akamaliza.

"Mwezi wa saba dada yake Zelmira anahama," alisema, akitazama mbali. "Nyumba yake ni nzito kuliko hii. Kona ya nyuma hatuna mtu."

Yesenia alingoja amalize. Alipoona kwamba amemaliza, alielewa anaombwa.

"Niambie siku," alisema, "nikate tiketi ya boti mapema."